Mshale wa Mwalimu

Waliosoma kwa Mwalimu wanamsifu mpaka leo. Ukikutana nao msibani au kwenye foleni ya benki, wakishajua kwamba na wewe ulipita kwenye kile chumba chake cha kompyuta pale Igogo, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, wanaanza: alikuwa na subira, alikuwa na akili, hakuwa na makuu. Mimi huitikia kwa kichwa. Nimeitikia hivyo miaka tisa sasa, na shingo imechoka. Leo na mimi nasema ninavyomjua. Mazuri yake nitayataja yote, maana bila hayo hamtajua ubaya wake ulikuwa na uzito gani.

Nianze na vipanya. Asubuhi, kabla hatujafika, alikuwa ameshavichomoa vipanya vyote kwenye kompyuta, amevizungushia nyaya zake na kuvifungia kwenye droo. Ufunguo wa droo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Kompyuta zetu zilikuwa saba, kuukuu zote, zimeungwa kwenye mashine moja kubwa iliyokaa pembeni chini ya kitambaa cha kufuma. Tuliiita Mama. Kwa Mama hapakuwa na picha za kubofya. Palikuwa na skrini nyeusi na kamstari kanapepesa, kanangoja uandike amri. Mtu akilalamika, Mwalimu alimwambia kwamba mwenye ulimi haombi kwa kidole, aseme anachotaka, mashine itaelewa kuliko mbuzi wa kwao.

Alivaa shati jeupe la mikono mifupi, na mfukoni kalamu moja ambayo sijawahi kuiona ikiandika. Kila Ijumaa alichukua njiti ya kiberiti, akaizungushia pamba, akaichovya kwenye spiriti, na kusafisha kibodi zote, kitufe kimoja baada ya kingine. Saa nne kamili asubuhi alivuka barabara kwenda kunywa uji wa ulezi na chapati, akarudi saa nne na nusu. Hata mvua ya mawe isingemzuia. Wenye maduka ya jirani walirekebisha saa zao kwa kumtazama yeye. Hiyo saa nne naomba mnikumbushie, nitairudia.

Na aliogopa maji. Mtu mzima, kaishi Mwanza miaka yote hiyo, ziwa liko pale pale anaona, lakini kivuko hapandi. Rafiki yake alipozikwa kisiwani Ukerewe, Mwalimu aliwasindikiza wenzake mpaka bandarini, akawapa mkono wa rambirambi, akarudi kwa miguu. Tulimcheka kidogo, kwa mapenzi.

Kitu alichokichukia kuliko virusi ni kunakili. Akikukuta umeweka faili moja kwenye folda mbili, anasimama nyuma ya kiti chako anapumua tu. Unamsikia anapumua mpaka unafuta. Kunakili ni ulafi, alisema. Diski ya Mama si ghala la mpunga. Flashi alizipiga marufuku kabisa, kwa sababu ya virusi na kwa sababu ya ulafi. Ukitaka kitu kionekane mahali pawili, tengeneza kiungo.

Hapo kwenye viungo ndipo alipokuwa Mwalimu kweli, na hapo sitamnyima haki yake. Alimwinua mwanafunzi yeyote akamuuliza jina. Mwanafunzi anasema Paskalia. Mwalimu anauliza, na nyumbani? Huku kwetu kando ya ziwa wengi tuna majina mawili, la ubatizo na la nyumbani, kwa hiyo Paskalia anataja la nyumbani kwa aibu na darasa linacheka. Ndipo Mwalimu anaandika ln, anataja faili, kisha anataja jina jipya. Anaeleza kwamba hajazaa faili la pili. Mtu ni yule yule, kabatizwa tu. Ukilifuta jina la nyumbani, mtu hajaondoka, bado anaitika kwa la kanisani. Mpaka ulifute jina la mwisho ndipo umemzika.

Halafu anamtoa Paskalia mpaka mlangoni, anamwambia anyooshe kidole kuelekea Butimba. Hiyo sasa ni ln -s, kiungo cha aina ya pili. Huyu si nyumba, huyu anaonyesha nyumba ilipo. Nyumba ikihama, yeye atabaki pale pale amenyoosha kidole kwenye majani matupu. Na ili ujue unashughulika na yupi kati ya hao wawili, kabla hujafanya lolote andika ls -l. Kiungo cha kidole kitakuonyesha mshale, na mbele ya mshale utaona kinakoelekea. Kile cha ubatizo hakina mshale, ila pembeni kuna kitarakimu, nacho ni idadi ya majina. Ukiona mbili, jua kuna mahali pengine mtu huyo anaitwa.

"Tazama mshare kwanza," alisema. Kila l ilikalia kiti cha r mdomoni mwake. "Mjinga anakimbiria jina. Mwenye akiri anatazama mshare."

Tulikosea wote kosa moja, tulianza na jina jipya kabla ya faili. Mwalimu alisema tunambatiza mtoto kabla hajazaliwa. Nilicheka mpaka machozi. Nilimpenda mtu yule, niseme tu.

Nilikuwa na sababu ya kumpenda. Mama yangu anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na mwaka ule mgongo ulimuuma, akataka niache masomo nikakae mezani kwake. Mwalimu alikuja mwenyewe mpaka sokoni, na shati lake jeupe katikati ya harufu ile, akakaa juu ya kreti lililopinduliwa. Alikula sato na ugali na mama yangu, akamsikiliza habari za mgongo mpaka mwisho. Ndipo akamwambia, niachie binti, nitamtunza kama wangu. Mama yangu akaniachia. Akawa anasimama mezani na mgongo wake vilevile ili mimi niandike amri kwenye skrini nyeusi.

Nilichokuwa naandika ni hadithi za Bibi. Bibi mzaa mama alikaa Ukerewe, na likizo yangu ya mwisho kwake nilimrekodi kwa simu, hadithi thelathini na moja kwa Kikerewe chake cha zamani. Kabla ya kila hadithi alikohoa mara moja, kikohozi kifupi cha kusafisha njia, kisha akaanza. Miezi mitatu baadaye akafariki. Mvua za masika simu ikanidondoka Mwaloni, ikaingia majini kati ya mitumbwi, lakini rekodi nilikuwa nimeshazihamishia kwa Mama, kwenye folda yangu, pamoja na tafsiri niliyokuwa naifanya kidogo kidogo. Siku ile ya simu nililia darasani. Mwalimu akaniletea maji, akanipigapiga begani. "Usirie, binti," alisema. "Mama yupo, na Mama hasahau." Kwa hiyo alijua. Alijua kwamba sauti ya Bibi duniani iko mahali pamoja tu.

Hata somo la viungo nilifanyia mazoezi kwa hadithi hizo, kwa kuwa sikuwa na faili nyingine. Kila mmoja alitakiwa atengeneze majina ya pili ndani ya folda ya mazoezi ya darasa. Mimi rekodi zote thelathini na moja nilizibatiza kwa jina la Bibi la nyumbani na tarakimu mbele yake. Jina hilo silitaji hapa, kwa kuwa Mwalimu anaweza kusomewa haya, na sitaki alikumbuke. Alipita nyuma yangu, akasoma, akagusa kiti na kusema vizuri.

Sasa nifike kwenye uchafu.

Folda ya Mwalimu ilikuwa wazi kwa wote. Mwalimu hana siri, alisema, na sisi tuliona ni unyofu. Wiki moja kabla ya maonyesho ya vituo vya mafunzo, niliingia humo kutafuta notisi zake, nikakuta folda mpya, Hazina. Ndani yake majina thelathini na moja, hadithi kwa hadithi. Pembeni palikuwa na maelezo: zimekusanywa na kutafsiriwa na yeye, jina lake lote na la baba yake. Msimulizi: bibi mmoja wa Ukerewe.

Bibi mmoja. Hata jina la ubatizo hakumpa.

Niliandika ls -l kama alivyotufundisha. Mishale thelathini na moja, yote imeelekea kwenye folda yangu. Hata kuiba hakuiba kwa kubeba mzigo. Ile chuki yake ya kunakili ilimfuata mpaka kwenye wizi, akasimama kwake akanyoosha kidole kwenye kitu changu na kusema ni chake. Nilitaka kupiga kelele. Kisha moyo ukapoa, ukawa baridi kabisa, nikafunga folda yake taratibu na kuendelea na kazi.

Wiki nzima nilimwamkia shikamoo. Wiki nzima aliitikia marahaba. Aliniomba niende naye kwenye maonyesho kama msaidizi, na nikasema asante Mwalimu.

Siku yenyewe Mama mwenyewe alibebwa. Mwalimu alitoka nje kuita bajaji, na mimi nikabaki kuizima mashine. Kabla sijaizima niliandika mstari mmoja. Niliongeza herufi moja kwenye jina la folda yangu. Yangu, siyo yake. Chake sikugusa hata kimoja. Kisha nikamfunika Mama kwa kitambaa chake cha kufuma, na Mwalimu akampakata njia nzima mpaka ukumbini.

Alizungumza vizuri, sitamnyima. Ukumbi ulijaa wakuu wa vituo, wanafunzi na wageni waalikwa, na ukutani nyuma yake skrini yetu nyeusi imetupwa kwa projekta, kubwa kuliko mlango. Alieleza jinsi lugha zetu zinavyokufa. Alieleza jinsi alivyovuka kwenda Ukerewe akaketi miguuni pa bibi mmoja mzee. Wenzangu wa darasani walitazamana. Paskalia alinikanyaga mguu chini ya kiti. Mwalimu, kuvuka maji!

Ndipo akaiamuru mashine ifungue hadithi ya kwanza. Mashine ikajibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba hakuna faili wala folda ya namna hiyo. Akajaribu ya pili, na ya tatu. Akaita orodha, majina yakajitokeza ukutani yote mekundu, rangi ambayo Mama huvipa viungo vinavyoonyesha patupu. Shati jeupe likaanza kulowa mgongoni.

Aligeuka akanitafuta kwa macho. "Binti, fairi ziko wapi?"

Nilisimama. "Tazama mshale, Mwalimu."

Vidole vyake vilitii kabla kichwa hakijafikiri. Ni mazoea ya miaka. Aliandika ls -l, na ukuta mzima ukajaa mishale, thelathini na moja, kila mmoja umeelekea kwenye folda yenye jina langu, majina yangu yote matatu. Mama mmoja mgeni, mwenye miwani, wa mstari wa mbele, aliyasoma kwa sauti. Akauliza huyo ni nani. Mwalimu akasema ni mwanafunzi wake. Yule mama akauliza kama ndiye aliyekwenda Ukerewe. Mwalimu aliinamisha kichwa, akawa anasugua kitufe kimoja kwa kidole gumba kana kwamba ameona uchafu.

Nilifurahi. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni namtazama anavyozama. Asiyependa kusikia hivyo na aache kusoma.

Kesho yake nilikwenda darasani mapema. Sijui nilitegemea nini, labda aombe radhi. Nilimkuta amesimama, Mama amewashwa. Shikamoo yangu hakuitikia. Alinivutia kiti nikae karibu yake. Akaitafuta folda yangu na ile herufi yake mpya, akaipata.

"Umehama," alisema, "na mimi nimekufuata."

Akaandika rm -r, amri ya kufuta, na jina la folda yangu, polepole, ili nisome kila herufi. Akabonyeza. Skrini haikusema kitu. Kufuta hakuna kelele kule, kamstari kanarudi tu kupepesa.

"Sasa tuko sawa, binti."

Nililia kilio cha kweli. Nilimwona Bibi anakufa mara ya pili, na safari hii hakuna hata kaburi. Nililia nimeshika meza, na nikiwa katikati ya kulia hivyo macho yangu yakaangukia kibodi, nikakumbuka somo. Kufuta jina si kumzika mtu. Bibi alikuwa na jina jingine, kule kwenye mazoezi, tena Mwalimu mwenyewe alilisifu.

Nikazidisha kilio. Nikapiga magoti hasa, ili asiwe na shaka.

Saa nne kamili alivuka barabara kwenda kunywa uji, kama siku zote, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikatoa flashi niliyokuwa nimeificha kwenye soksi tangu wiki ya mishale; nilikuwa nayo kwa ajili ya kuondoka, sikujua kama nitaihitaji hivyo. Nikafungua folda ya mazoezi. Kile kitarakimu cha idadi ya majina, ambacho siku zote kilikuwa mbili, sasa kilisoma moja. Kwenye rekodi zote thelathini na moja, moja. Bibi alikuwa amebakiwa na jina la nyumbani tu, lakini alikuwepo, sauti yote na kikohozi chake. Tafsiri yangu ilikuwa imekwenda, hiyo sikuwa nimeibatiza, ningeifanya upya. Nikanakili zote kwenye flashi. Kisha nikafuta na yale majina ya mwisho kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwacha Mama mtupu. Saa nne na dakika ishirini na tano nilikuwa barabarani. Mwalimu alikuwa upande wa pili anakunja chapati, na hakuniona.

Aliyetufundisha kusoma ile tarakimu hakuitazama. Siku ya ukumbini hakutazama mshale, na siku ya kufuta hakutazama tarakimu. Hasira ilimfanya mjinga kama sisi wengine.

Kituo kilifungwa mwaka uliofuata. Chumba sasa ni stoo ya vigae. Mimi natunza kompyuta za ofisi moja hapa mjini na wananiita Mama Neema. Hadithi za Bibi zimo kwenye simu yangu, na kwenye mashine yangu ya nyumbani nimezinakili mara tatu, kwa ulafi kabisa.

Mwaka jana Paskalia alinipigia. Mwalimu anaumwa, yuko Butimba kwa dada yake, na amekuwa akiniulizia. Sitasema nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kumwona alivyoanguka. Nilibeba kilo mbili za sukari na mkate, maana huwezi kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu, hata kama unamchukia.

Alikuwa uani amekalia kiti cha plastiki, amekonda, macho yameingia ukungu mweupe. Shati lilikuwa jeupe bado, na kalamu iko mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alinijua kwa sauti. "Marahaba, binti. Marahaba."

Dada yake alileta chai akatuacha. Mwalimu aliniuliza habari za mama yangu na mgongo wake, na alikumbuka mpaka ni upande gani uliokuwa unauma. Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Kila jioni tulipokuwa tumeondoka, alisema, alibaki pale anamsikiliza Bibi. Kikerewe hakijui, alisoma tafsiri yangu huku anasikiliza. Na kile kikohozi kabla ya kuanza, mama yake mzazi alikohoa hivyohivyo, na hakuna aliyewahi kumrekodi.

"Nikatamani awe wangu," alisema. "Sikujua namna ya kusema hivyo. Nikaandika jina rangu." Akapapasa kikombe mpaka akakipata. "Aibu ya ukumbini niristahiri. Rakini kure kufuta. Nirimzika bibi yako mara ya piri, na we uko pare unatazama. Hukubaki na hata moja, binti?"

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Simu ilikuwa ndani ya mkoba.

"Ulizifuta mbele yangu, Mwalimu," nilisema.

Hakuna neno la uongo hapo. Mbele ya Mungu, nilimsubiri aniulize swali moja tu, ambalo angemuuliza mwanafunzi yeyote wa wiki ya tatu: zilikuwa na majina mangapi? Angeuliza ningejibu. Kinyongo changu chote kisingetosha kunizuia, maana lingekuwa jibu la darasani na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Hakuuliza. Alitikisa kichwa kidogo, akaomba kama naweza kumsimulia japo moja kwa mdomo wangu, ile ya fisi na mchumba wake, aisikie.

Nikasema siikumbuki. Huo sasa ulikuwa uongo.

Dada yake alinisindikiza mpaka barabarani, akinishukuru njia nzima. Alisema kaka yake amekuwa akilitaja jina langu, kula hali, lakini kwa kuwa nimekuja labda leo atakula. Nikasema Mungu ni mwema. Alipogeuka nilitoa simu, nikavaa vidude vya masikioni, nikafungua ile ya fisi. Bibi akakohoa. Nikazima kabla hajaanza.

Mpaka leo naishia hapohapo, kwenye kikohozi. Mwalimu bado yu hai. Kutoka kwangu mpaka Butimba ni mwendo wa nusu saa, na sijaenda.